Motokari ya batri lupangoni: hatari iko wapi?



Esanse ni bei kali, na mafundi wetu ni wajanja. Wengi wanauliza kama mtu anaweza kutoa motere ya esanse katika motokari yake ya zamani na kutia motere ya umeme na batri. Inawezekana. Tena si jambo jipya: mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alipita wa kwanza kilometa 100 kwa saa, na motokari yake ilikuwa ya batri. Ninyi wa chini ya ardhi mnajua pia lokomotive za batri. Lakini kazini kuna chumba cha kuchajia chenye hewa, kuna glavu na miwani, na kuna shefu anayepiga kelele. Lupangoni kuna watoto na kuku.

Tuanze na tangi. Tangi tupu ya esanse ni mbaya kuliko ile iliyojaa, kwa sababu mvuke umebaki ndani. Usiichome, usiikate. Itoe, uiweke mbali na moto.

Halafu breki. Katika motokari nyingi, motere ya esanse inafyonza hewa, na nguvu hiyo inasaidia mguu kukanyaga. Ukiitoa bila kutia pompi ndogo ya umeme mahali pake, breki inakuwa ngumu sana. Na mzigo unaongezeka: batri 16 za volti 6, kila moja kilo 28, ni karibu kilo 450. Hao ni watu sita wazima wanaopanda kila siku.

Sasa umeme wenyewe. Batri moja ya volti 12 haikutikisi mkono mkavu, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Ukiunganisha 8 kwa mfuatano unapata volti 96. Kwa kuran ya batri, kupita volti 60 ni hatari ya kufa. Na batri haizimwi! Kwa hiyo acha kiungo kimoja cha katikati wazi mpaka kazi yote iishe, na tia fuzi. Vua pete, saa na mkufu. Funga mpini wa ufunguo kwa utepe wa umeme, maana ufunguo ukiangukia vichwa viwili vya batri unawaka mwekundu mara moja, na pete inachoma kidole mpaka mfupa.

Mwenzako akishikwa na kuran, usimguse. Msukume kwa mti mkavu.

Batri za risasi zikichajiwa zinatoa hidrojeni. Haionekani, hainuki, na ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa inaweza kulipuka. Basi usichaji katika chumba cha kulala, wala karibu na mbabula au sigara.

Mama, weka bido la maji safi karibu kabla bwana hajafungua batri. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20, ukishika kope wazi, ndipo mje dispansere. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Mtoto akimeza asidi, msimtapishe, mleteni mbio. Risasi nayo inaingia kimya katika damu ya watoto na kuharibu akili: msiyeyushe sahani za batri nyumbani, nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kabla ya bukari.

Wengine wananunua batri za litiamu zilizotolewa katika motokari za Ulaya. Nyingine zina kobalti, labda ile iliyotoka katika mashimo yetu, nyingine hazina. Zikigongwa au kuvimba zinaweza kujipasha moto zenyewe, zikitoa moshi wa sumu, na zikizimwa zinaweza kuwaka tena saa nyingi baadaye. Nyingi zina volti zaidi ya 300. Hizo, nasema wazi, msizifungue lupangoni.