Chama Kinapohamisha Akaunti ya Benki

Chama cha ushirika kinapohamia benki nyingine, salio huhamishwa kwa siku chache, lakini malipo ya kila mwezi hayahami yenyewe. Ndipo chama huweza kujikuta kinadaiwa ilhali fedha kinazo.

Yafaa katibu atambue kuwa malipo hayo ni ya namna mbili. Kwanza ni agizo la kudumu, ambalo kwalo chama huiagiza benki yake kulipa kiasi maalumu kila tarehe iliyowekwa. Agizo hilo hukoma akaunti inapofungwa. Sharti liandikwe upya katika benki mpya. Pili ni idhini ya makato, ambayo humruhusu mdai mwenyewe, kama vile kampuni ya bima, kudai fedha zake benki moja kwa moja. Huyo hana budi kupewa idhini mpya yenye namba ya akaunti mpya.

Akaunti ya zamani ikifungwa mapema, rejesho la mkopo hukataliwa na adhabu huongezeka. Hata bima ya ghala huweza kukatika, na wanachama wasijue mpaka siku ya moto.

Kwa hiyo katibu na mweka hazina wapitie taarifa za benki za miezi 12, kwani yapo malipo yatokeayo mara moja tu kwa mwaka. Agizo jipya likianza, la zamani lifutwe kwa barua, chama kisije kikalipa mara mbili. Akaunti ya zamani ibakizwe na fedha za kutosha hadi kila mdai athibitishe kulipwa kutoka akaunti mpya. Hapo ndipo Kamati iidhinishe kuifunga.