Chura wa Kihansi: Ngozi Iliyobeba Uhai

Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, maporomoko ya maji hurusha manyunyu usiku na mchana. Mwaka 1996 watafiti walikuta humo vyura wadogo wa rangi ya manjano, wasiofikia sentimita 3 kwa urefu, ambao hawajapata kuonekana penginepo duniani. Jike wao hatagi mayai. Huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika.

Siri ya uhai wao imo katika ngozi. Ngozi ya binadamu kimsingi ni kinga. Ya chura ni kinga, ni msaidizi wa mapafu, na ni mlango wa maji na chumvi. Chura hanywi kwa kinywa. Huyafyonza maji kwa ngozi yake, nayo sharti ibaki na unyevu.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, na manyunyu yakapungua ghafla. Mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni, na vyura wakaongezeka tena hadi kukadiriwa kuwa takriban 20,000 mwaka 2003. Mwaka huohuo wakaporomoka, wakabaki wachache mno.

Katika mizoga ilibainika kuvu iitwayo kitridi. Kuvu hiyo hushambulia tabaka la juu la ngozi na kuvuruga upitishaji wa chumvi. Sodiamu na potasiamu hushuka katika damu, kisha moyo husimama. Kila daktari aliyewahi kumhudumia mgonjwa aliyepungukiwa potasiamu anaielewa hatari hiyo. Hata hivyo, wataalamu hawakuitwika kuvu lawama yote: upungufu wa maji na viuatilifu vilivyotoka mashambani navyo vilitajwa.

Kwa bahati njema, karibu vyura 500 walikuwa wamekwisha kupelekwa Marekani na kuzalishwa huko. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Kurudi kwao hakujamaliza kazi. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini akarudi kwenye nyumba iliyomuuguza huonekana tena mlangoni mwa hospitali. Chura wa Kihansi naye atapona pale tu korongo lake litakapopona.