Mkimbiaji na Msitu: Faida za Njia za Karura na Wajibu wa Wanaozitumia

Asubuhi na mapema, kabla magari hayajasongamana katika barabara za Limuru na Kiambu, watu wa rika zote huanza kuwasili katika malango ya Msitu wa Karura, kaskazini ya jiji la Nairobi. Wamo vijana waliozoea mbio, wamo wazee waliostaafu, na wamo wafanyakazi wa maofisini walioambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu yao limepanda. Kila mmoja hufunga kamba za viatu, huiacha lami nyuma yake na kuifuata njia ya udongo mwekundu inayopita chini ya miti. Baada ya hatua mia chache huhisi kwamba hewa imekuwa baridi zaidi, ngurumo za magari zimefifia, na mwili umekuwa mwepesi.

Je, hisia hizo ni furaha ya moyo tu, au zina sababu zinazoweza kuelezwa kisayansi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu zipo, na kwamba faida aipatayo mkimbiaji haitoki katika njia peke yake. Inatoka katika njia na msitu kwa pamoja. Anayeuharibu msitu huiharibu njia, hata kama hakuigusa.

MAHALI PENYEWE

Karura ina eneo la zaidi ya hekta 1,000, na ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Sehemu yake moja ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, kwa kuwa reli ya wakati huo ilihitaji kuni nyingi kwa injini zake za mvuke. Sehemu nyingine zimebaki na miti ya asili, kama vile mukinduri na muhugu. Mti huu wa pili hukua polepole sana, na kwa sababu mbao zake ngumu hupendwa na wachongaji wa vinyago, umeadimika katika misitu mingi ya Kenya. Ndani ya msitu mna mito, maporomoko ya maji, na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950.

Msitu huu ulikaribia kupotea. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga. Tarehe 8 Januari 1999 walifika kwenye lango la msitu wakikusudia kupanda mti, wakashambuliwa na kundi la walinzi, na yeye mwenyewe akaumizwa kichwani. Upinzani ulienea hadi vyuo vikuu, na mwaka huohuo serikali ikasimamisha ugawaji wa ardhi za umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, kuuokoa msitu hakukutosha kumpeleka mwananchi ndani yake. Kwa miaka mingi Karura iliogopwa kwa sababu ya wanyang'anyi. Hali ilibadilika baada ya wakazi wa mitaa ya jirani kuunda jumuiya ya kuuhifadhi msitu mwaka 2009, kwa ushirikiano na idara ya misitu. Uzio ulijengwa, walinzi wakaajiriwa, njia zikafunguliwa. Leo zipo njia za makumi ya kilomita kwa waendao kwa miguu, wakimbiao na waendeshao baiskeli.

YANAYOTUKIA MWILINI

Mtu aliyekaa kimya huvuta hewa ya kiasi cha lita 6 hadi 8 kwa dakika, na moyo wake husukuma damu kama lita 5 katika muda huohuo. Anapokimbia kwa kasi ya wastani, hewa anayovuta yaweza kuzidi lita 50 kwa dakika, na damu inayosukumwa huongezeka mara tatu au zaidi. Mishipa ya damu iendayo kwenye misuli hupanuka, na ile ya tumbo na utumbo husinyaa. Ndiyo sababu haifai kukimbia mara tu baada ya mlo mkubwa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Nairobi imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kiwango hichohicho. Mgeni atokaye Mombasa au Dar es Salaam asishangae akitweta kwenye mlima mdogo ambao mwenyeji anaupanda akizungumza. Baada ya majuma kadhaa mwili wake utazoea.

Moyo unaofanyishwa kazi hivi mara kwa mara huimarika kama msuli mwingine wowote. Husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na hivyo hupiga mara chache zaidi wakati wa mapumziko. Shinikizo la damu hushuka, na misuli huitumia sukari ya damu kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, au nusu ya muda huo kwa mazoezi makali. Nusu saa kwa siku tano yatosha kabisa kufikia kiwango hicho.

ARDHI CHINI YA NYAYO

Kila mguu unapotua, ardhi huusukuma mwili kwa kani ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mkimbiaji. Mtu mwenye kilo 70 hurudia jambo hilo mara elfu kadhaa katika kilomita 5. Wengi hudhani kwamba lami huvunja magoti na udongo huyaponya. Ukweli si rahisi hivyo. Mguu ni kama springi inayoweza kubadili ugumu wake. Juu ya ardhi ngumu misuli hulegeza springi hiyo, na juu ya ardhi laini huikaza. Ukano wa kisigino hunyooka mguu unapotua, huhifadhi nishati, kisha huirudisha mguu unapoinuka.

Tofauti kubwa ni kwamba lami ni sawasawa. Juu yake hatua ya elfu hufanana na ya kwanza, na mkazo huangukia mahali palepale pa mfupa na ukano. Njia ya msituni ina mizizi, kokoto, miinuko na kona, hivyo kila hatua hutofautiana kidogo na iliyotangulia. Mkazo hugawanywa kwa misuli mingi, na ile midogo ya kifundo cha mguu hupata kazi ambayo haiipati barabarani. Lakini faida hiyo ina gharama yake: asiyetazama aendako hujikwaa na kuteguka.

Mkimbiaji ajihadhari hasa na miteremko ielekeayo mitoni. Mteremko huonekana rahisi kwa kuwa haumalizi pumzi. Kumbe wakati wa kushuka misuli ya paja hufanya kazi ya breki. Hukazika huku ikivutwa, na nyuzi zake hupata michubuko midogo sana. Maumivu hujitokeza siku ya pili au ya tatu, na mgeni hushindwa kujua yametoka wapi.

MTI NA MKIMBIAJI HUJIPOZA KWA NJIA MOJA

Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto, nalo lazima litolewe nje. Tezi za jasho humwaga maji juu ya ngozi, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa nishati ipatayo kilojuli 2,400, yaani mara saba ya nishati itakiwayo kupasha lita moja ya maji moto kutoka nyuzi 20 hadi ichemke.

Mti nao hufanya vivyo hivyo. Mizizi hufyonza maji ardhini, maji hupanda kupitia shina, na majani huyatoa hewani kama mvuke kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mti mkubwa waweza kutoa makumi ya lita kwa siku moja, na kila lita huondoka na kiasi kilekile cha joto. Ukiongeza kivuli kinachozuia jua lisifike ardhini, utaelewa kwa nini njia ya Karura huwa baridi saa sita mchana ilhali lami ya nje yaunguza. Mkimbiaji aliye kivulini hapokei joto la jua wala la ardhi iliyopashwa moto, naye hutokwa na jasho kidogo zaidi kwa umbali uleule.

Hewa nayo ina hesabu yake. Tumeona kwamba mkimbiaji huvuta hewa mara nyingi kuliko aliyeketi. Tena huivuta kwa kinywa, akiuepa uchujaji wa pua. Kwa hiyo akimbiaye kando ya barabara kuu huingiza mapafuni moshi mwingi kuliko abiria anayemtazama dirishani. Majani hunasa sehemu ya vumbi, lakini kinga iliyo kubwa zaidi ni umbali: kadiri mtu anavyosogea mbali na magari, ndivyo moshi unavyopungua. Msitu mpana humpa mkimbiaji umbali huo. Ukikatwa vipande vipande na barabara, hata kama miti mingi itabaki, umbali huo hautakuwapo tena.

NYAYO ZINAVYOWEZA KUUA MTI

Hadi hapa tumeeleza msitu unavyomfaa mkimbiaji. Sasa tutazame upande wa pili. Udongo mzuri wa msituni si kitu kizima. Karibu nusu yake ni nafasi ndogo ndogo zenye hewa na maji. Mizizi myembamba ifyonzayo maji hukaa karibu na uso wa ardhi, nayo huhitaji oksijeni kama mapafu yetu yanavyoihitaji. Nyayo zinapopita mahali pamoja kwa maelfu, nafasi hizo hubanwa. Hewa haiingii, maji hayapenyi, na mizizi hufa kidogo kidogo. Mti hauanguki siku hiyo. Hunyauka kwa miaka, na atakayeuona umekauka hatafikiri kwamba ni viatu vilivyoanzisha jambo hilo.

Isitoshe, maji yasiyopenya hutiririka. Wakati wa masika na vuli hukusanyika katika vijia vya mkato, huchimba mitaro na kubeba udongo mwekundu hadi mitoni. Mito ya Karura humwaga maji yake katika mfumo wa mto Athi, ambao huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi, na huko huitwa Sabaki. Udongo uliolegezwa na kijia cha mkato Nairobi waweza kumalizia safari yake baharini.

Kosa hili hufanywa zaidi na watu waungwana kuliko waharibifu. Mkimbiaji hufika penye tope, na kwa kuwa hataki kuchafua viatu, hupitia pembeni. Wa pili humfuata, na wa tatu huenda mbali zaidi. Baada ya msimu mmoja njia ya mita mbili huwa ya mita tano, na miche iliyokuwa kandokando imekwisha. Viatu hufuliwa jioni moja, lakini muhugu uliokanyagwa ungali mche hauwezi kurudishwa katika umri wa mwanadamu mmoja.

USHAURI KWA ANAYEANZA

Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu na amwone daktari kwanza. Asiye na maradhi na aanze kwa kutembea haraka dakika 10, kisha akimbie dakika 1 na kutembea dakika 4, akirudia hivyo kwa nusu saa. Kila juma aongeze muda wa kukimbia kidogo kidogo. Kipimo cha kasi ni kinywa chake: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, kasi inafaa. Akishindwa kumaliza sentensi fupi, amezidisha.

Ashike njia iliyowekwa, na penye tope apite katikati yake. Awapishe wenye baiskeli kwenye kona. Asiwape chakula kima, kwa kuwa mnyama aliyezoea kupewa hugeuka mnyang'anyi. Wala asikimbie njia nzima akitazama saa yake. Akisimama kidogo atasikia hondohondo akilia juu ya vilele, na pengine atawaona mbega weusi kwa weupe, waliorudishwa msituni humo katika miaka ya 2010.

Mwaka 1999 Karura ilihitaji watu waliokubali kuumizwa kwa ajili yake. Siku hizi kila asubuhi huhitaji jambo dogo zaidi kutoka kwa kila mmoja wa maelfu wanaoitumia, nalo ni kuchagua pa kuweka mguu. Mkimbiaji anayeingia langoni leo huvuta pumzi chini ya miti iliyookolewa na wengine. Naye akipita palipo njia, atamwachia ajaye baada yake kivuli hichohicho.