Daftari la Shangazi na Safari Zetu za Kayaki



Wahariri wa kitabu chetu wamenitaka niandike habari za safari za kayaki za msimu uliopita. Mara ya kwanza nilikataa. Niliona kwamba kurasa hizi ni za harusi, za watoto waliomaliza shule na za wazee wetu waliotutangulia mbele ya haki. Lakini kila ninaposhuka dukani hapa Rågsved hanikosi mtu wa kuniuliza, "Ati nyinyi mnaingia baharini na vile vidude vyembamba? Hamwogopi?" Basi nitajibu hapa mara moja kwa wote. Nitaeleza na lile lililotokea mwezi wa Mei, maana najua limekwisha tembea majumbani na limetiwa chumvi njiani.

Nianze na chombo chenyewe. Asili ya kayaki ni Wainuit wa Greenland na kaskazini ya Amerika, waliokuwa wakiiunda kwa mbao za kuokota pwani na kuivika ngozi za sili, wakaendea nayo kuwinda. Mtu hukaa ndani ya tundu, miguu ameinyoosha mbele. Kiunoni huvaa kitambaa cha mpira kinachofunika tundu lile maji yasiingie, na mkononi hushika kafi moja lenye bapa mbili, moja kila upande. Haina matengo kama ngalawa. Utulivu wake wote uko katika nyonga za aliyeikalia, na akikakamaa kwa hofu huenda naye chini. Mimi nimezaliwa Wete, nimekua nikitazama ngalawa zikitoka na kuingia, na nilidhani najua mambo. Siku yangu ya kwanza nilipinduka mara tatu, mbele ya watoto waliosimama ufukweni wakicheka.

Hiyo ilikuwa katika ziwa Magelungen. Wengi wetu tumeishi Rågsved miaka mingi bila kulifikia ziwa hilo, na hali ni mwendo wa kama nusu saa kwa mguu kutoka stesheni, ukipita katika hifadhi ya Rågsved iliyotangazwa mwaka 2018. Tukishuka kwenye treni la 19 tunageuza uso kuelekea majumba, maziwa na miti tunaipa kisogo. Ajabu ni kwamba maji yale yanakwenda baharini. Magelungen humwaga maji yake katika ziwa Drevviken kwa mto Forsån, na kutoka hapo hupita Långsjön na Albysjön mpaka Kalvfjärden huko Tyresö, ambako ndiko bahari ya Baltiki inakoanzia. Nilipomweleza Shangazi habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata huku imenifuata."

Hapana budi niwaeleze kwa nini alisema hivyo. Shangazi yangu alikuja kuishi nasi akiwa mtu mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi. Wanawe wawili walikuwamo. Wengi wenu mna msiba wenu katika meli ile, na sitausimulia tena. Tangu siku hiyo Shangazi hakupanda chombo cha maji, hata kile kivuko kidogo cha kwenda Djurgården. Nilipojiunga na klabu ya kayaki kwa kushawishiwa na mwenzangu wa kazini, hakunikataza. Ila kila nilipotoka na begi langu aliingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Sasa, habari za kupanga msimu. Watu hudhani tunaamka Jumamosi tukaona jua, tukaenda. La hasha. Sisi huanza mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado nje, tukakaa mezani na kalenda na ramani za bahari. Kwanza huangalia Ramadhani na sikukuu. Siku hizi Ramadhani imerudi wakati wa baridi na haitusumbui, lakini mwaka 2015 ilianza tarehe 18 Juni, jua likizama saa 4 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na hakuna aliyethubutu kutaja kafi. Baada ya hapo huja mazoezi ya kupinduka katika bwawa la ndani, wakati wa Machi na Aprili. Kila mtu hujifunza kuvua kile kitambaa chini ya maji, kutoka, kushikilia kayaki yake na kurudi ndani kwa msaada wa mwenzake. Vifaa tunachangiana. Jaketi za kuokolea za watoto mara nyingine huazima Fritidsbanken, ile iliyoanzia Deje, Värmland, mwaka 2013, ambayo huazimisha vifaa vya michezo kwa siku 14 bila kutoza hata senti.

Kisha kuna hali ya hewa. Waliolelewa pwani wana masikio ya kusi na kaskazi na hujua bamvua kwa kutazama mwezi. Huku elimu hiyo haina kazi. Baltiki haina maji kujaa na kupwa ya kusema nayo, wakati kwetu bamvua hupandisha maji karibu mita nne. Maji ya Baltiki hupanda na kushuka kwa upepo na kwa uzito wa hewa. Chumvi yake nayo ni kidogo, kama gramu 6 kwa lita huku Stockholm, na Bahari ya Hindi ina 35. Kwa hivyo tunasoma utabiri wa SMHI, ambao hutaja upepo kwa mita kwa sekunde. Sheria yetu ni kwamba ukitabiriwa kupita mita 7, kundi lenye wageni halivuki maji ya wazi. Hali kadhalika tunaondoka mapema, maana siku za jua upepo wa baharini huamka mchana.

Naam, sheria tulikuwa nazo. Sasa nije kwenye Mei.

Shemeji yangu mmoja, ambaye hapa nitamwita Shemeji tu, alitaka kuja. Ni mtu wa miraba minne, aliwahi kucheza mpira wa miguu, na ni mcheshi ambaye safari hunoga akiwapo. Hakuhudhuria bwawani hata siku moja. Nilimwambia haiwezekani. Akanijia nyumbani na boksi la maembe, akaniita "wifi yangu mpenzi", nikalegea. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni langu mimi.

Tulikuwa wanane, viongozi wawili. Njia yetu ilikuwa kutoka Dalarö, kuvuka Jungfrufjärden mpaka upande wa Ornö, kula chakula na kurudi. Utabiri ulisema mita 4 asubuhi na 9 baada ya mchana. Tungeondoka saa 3 asubuhi tungekuwa tumerudi kabla ya upepo. Lakini Shemeji alikosa basi, tukamngoja, na tuliingia majini saa 5. Hapo ndipo ilipopasa niseme, "Jamani, leo tuzunguke hapa hapa pembeni." Nilitazama nyuso za watu waliobeba maandazi na chupa za chai kutoka Rågsved, nikaona haya.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Wakati wa kurudi, tukiwa katikati, upepo ulisimama ubavuni mwetu na mawimbi mafupi, ya haraka, yasiyofanana na yale marefu ya kwetu. Nilimwona Shemeji akiacha kuzungumza. Mabega yakapanda, mikono ikakaza kafi, na kabla sijamfikia akapinduka.

Maji yalikuwa digrii 8. Profesa mmoja wa Kanada, Gordon Giesbrecht, aliyejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, amefundisha hesabu rahisi: dakika 1 ya kutawala pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 kabla ya kuzirai. Nilikuwa nimeisoma na kuifundisha. Kuiona ni jambo jingine. Shemeji alitoka juu akiwa amefungua kinywa lakini neno halitoki, anavuta pumzi kama mtoto wa kifaduro. Aliachia kafi, akaachia na kayaki. Mwenzangu aliifuata kayaki, akainyanyua omo juu ya yake, akamwaga maji. Mimi nilimshika Shemeji kwa jaketi lake na kumwambia jambo moja tu: "Tazama uso wangu." Alipanda, akateleza. Alipanda tena, akateleza. Mara ya tatu vidole vyake havikukunja tena, tukamvuta kama gunia. Mwenzangu aliyetazama saa alisema baadaye kwamba zilipita dakika 9.

Tulimfunga kamba tukamkokota mpaka kisiwa cha karibu, tukamvua zile nguo, tukamvisha kavu, tukamkumbatia kwa zamu. Mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa na mashua yake alituona, na bila ya maneno mengi akatupeleka Dalarö wawili wawili. Shemeji ni mzima. Yale ya kwamba alizirai, au kwamba ilikuja helikopta, si kweli.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekusudia kunyamaza. Bila shaka Shangazi alikuwa amekwisha pigiwa simu na watu watatu. Nilitazamia anikemee. Alinikalisha jikoni, akaniuliza, "Nchi kavu, nani alikuwa anajua mko wangapi?"

Nikasema karatasi ya majina nilikuwa nayo.

"Ulikuwa nayo wapi?"

Nikamwambia, begini mwangu. Ndani ya kayaki.

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Sisi kule tulikaa siku na siku tukihesabu. Huyu alipanda, huyu hakupanda, huyu labda alishuka. Kila nyumba ilikuwa na hesabu yake. Mpaka leo hakuna mtu ajuaye walikuwa wangapi." Kesho yake alikwenda Högdalen akanunua daftari la jalada gumu.

Tangu siku ile Shangazi ndiye mtu wetu wa nchi kavu. Hasafiri mtu ambaye hayumo katika daftari lake: jina lake na la baba yake, rangi ya kayaki, rangi ya jaketi, amefanya mazoezi ya kupinduka au hakufanya, tunatokea wapi, tunapita wapi, tutapiga simu saa ngapi. Ikipita saa moja baada ya wakati huo bila habari, hupiga 112. Kiswidi chake si kingi, kwa hivyo binti yangu amemwandikia ndani ya jalada, kwa herufi za Kiswahili, namna ya kusema idadi ya kayaki na mahali. Huyasoma maneno hayo kwa sauti kila Ijumaa usiku kama mtu anayehifadhi. Mwezi wa Juni alimfuta mtu mmoja kwa kukosa bwawa. Mtu huyo alikuja na boksi la maembe. Shangazi aliyapokea maembe, na jina halikurudi.

Binti yangu ana miaka 13 na alikuwa akiomba kuja muda mrefu. Kuogelea anajua, maana shule za huku humtaka mtoto wa darasa la sita aweze kuogelea mita 200, hamsini katika hizo kwa mgongo. Shangazi hakutosheka na cheti cha shule. Alishuka mwenyewe mpaka Magelungen, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama ukingoni mwa maji tangu aje nchi hii. Akamwambia mtoto, "Pinduka." Mtoto akapinduka, akatoka, akarudi ndani. "Tena." Mara tatu. Mara ya tatu Shangazi alikuwa ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, lakini hakugeuza uso. Kisha akafungua daftari na kuandika.

Safari ya Agosti ilikuwa ya kulala siku mbili huko Fjärdlång. Kwa watakaokuja mwaka ujao, yapo mambo machache. Haki ya allemansrätten humruhusu mtu kupiga hema usiku mmoja au miwili mbali na nyumba za watu, lakini kundi kubwa lazima limwombe ruhusa mwenye ardhi, na hifadhi zina kanuni zao, msiseme "tumezoea". Viko visiwa ambavyo ni haramu kuvikaribia wakati ndege wanataga, basi someni mbao zilizowekwa. Kiangazi kikiwa kikavu moto hukatazwa, kwa hivyo chukueni jiko la gesi na mishikaki ikaangwe, hata kama wazee watanung'unika. Kupe ni wengi mno. Pigeni chanjo ya TBE mapema na mkaguane kila jioni. Kibla ni kusini-mashariki, digrii kama 148 katika dira, na mwamba laini wa visiwa vile ni msala mzuri kuliko zulia lo lote.

Msimu ujao hatutavuka Jungfrufjärden mwezi wa Mei. Mei tutabaki Magelungen na Drevviken. Bahari itaanza Juni, na wageni watavaa suti za mpira hata kama jua linawaka. Shemeji amehudhuria bwawani mara nne na amekwisha andikwa. Wanaotaka kuja wasinipigie mimi. Waje kwa Shangazi, siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, na wasichukue maembe.