Mgeuze Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza

Huenda siku moja utakwenda hospitali kumwuguza ndugu yako. Leo tunazungumzia vidonda vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuka. Huitwa vidonda vya kulala.

Tuseme mama yako amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili umepooza. Amelazwa wodini. Anakula kidogo, anazungumza kidogo, nanyi mna matumaini. Siku ya nne, wakati wa kumwosha, mnaona ngozi ya juu ya makalio imebadilika rangi. Baada ya siku chache ngozi inachubuka. Sasa ana ugonjwa wa pili. Huu haukuletwa na mchawi. Umeletwa na kulala namna moja bila kugeuzwa.

KIDONDA HUANZAJE?

Bonyeza ukucha wa kidole chako. Utaona unapauka, kwa sababu damu imesukumwa kando. Ukiachia, damu hurudi. Mgonjwa aliyelala naye hubanwa hivyo hivyo. Mfupa unabana nyama na ngozi kutoka ndani. Kitanda kinabana kutoka nje. Damu haipiti vizuri. Ngozi inayokosa damu hufa.

Mtu mwenye afya hujigeuza hata akiwa usingizini. Aliyepooza hawezi. Pengine hata maumivu hayasikii.

Kidonda hiki huweza kuanza kwa saa chache tu, lakini kupona huchukua wiki nyingi, hata miezi. Kisipotibiwa huweza kufika mfupani. Vijidudu vikiingia katika damu, mgonjwa huweza kufa.

NANI YUMO HATARINI ZAIDI?

- Aliyepooza, aliyevunjika uti wa mgongo au aliyepoteza fahamu.
- Mzee sana, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba.
- Aliyekonda au asiyekula vizuri.
- Mwenye kisukari au upungufu wa damu.
- Anayejikojolea, anayeharisha au anayetoka jasho jingi. Ngozi yenye majimaji huchubuka upesi.
- Aliyefungwa plasta ngumu inayombana.

Mgonjwa mwenye mambo mawili au matatu kati ya hayo yumo katika hatari kubwa zaidi.

UFANYE NINI?

1. Mwulize muuguzi namna ya kumgeuza. Kwa kawaida mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa 2. Aliyeumia shingo au mgongo usimgeuze peke yako. Ngoja wauguzi.

2. Usimburute. Watu wawili wamwinue kwa shuka. Kumburuta huchubua ngozi.

3. Weka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Weka mto chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Usimwekee kata ya nguo chini ya makalio. Kata huzuia damu pembeni.

4. Kila siku angalia kisogo, mabega, viwiko, nyonga, juu ya makalio, vifundo vya miguu na visigino. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Basi gusa. Pakiwa na joto, pagumu, pamevimba au panauma, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

5. Mahali palipobadilika rangi usipasugue wala kupakanda. Kukanda huumiza nyama iliyokwisha kuumia. Usitie majivu wala dawa yoyote usiyopewa hospitali.

6. Akijikojolea mwoshe mara moja, mkaushe taratibu, ubadilishe shuka. Nyoosha shuka lisiwe na mikunjo wala makombo.

7. Mpe chakula kinachojenga mwili, kama maharage, dagaa, mayai na maziwa, pamoja na matunda na maji. Kama daktari amemkataza chakula fulani, au anapaliwa anapomeza, fuata maagizo ya hospitali.

TUMIA KALAMU YAKO

Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo inaweza kuokoa ngozi ya mama yako. Chukua karatasi. Andika: saa 12 asubuhi, chali. Saa 2, ubavu wa kulia. Saa 4, ubavu wa kushoto. Endelea hivyo mchana na usiku. Kila ukimgeuza, tia alama. Jioni dada yako akija kukupokea, hatauliza mama amelala hivi tangu lini. Atasoma karatasi.

Mkirudi nyumbani, kazi hii iendelee. Mgonjwa akianza kukaa kitini, msaidieni kuinuka au kuegemea upande mwingine mara kwa mara, maana hata kiti hubana.

Wauguzi wana wagonjwa wengi. Mikono yako ni msaada mkubwa kwao. Kugeuza mgonjwa hakugharimu hata senti moja, bali kidonda kikiingia kitagharimu sana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ngozi iliyobanwa muda mrefu hufa?
2. Kwa nini tusikande mahali palipobadilika rangi?
3. Je, kijijini kwenu kuna mgonjwa asiyeweza kujigeuza? Nani humgeuza usiku?