Kisukari na Kazi ya Profesa Adam Heller

Ni nyumba chache miongoni mwetu zisizo na mgonjwa wa kisukari, na wazee wetu wengi wanakijua vyema kile kisindano cha kutobolea kidole. Ndiyo maana tumependa kuwaleteeni habari za Adam Heller, mtaalamu aliyeshughulika miaka mingi kuipunguza adha hiyo.

Heller, aliyezaliwa Cluj, Romania, mwaka 1933, ni mhamiaji pia. Alinusurika katika mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasomea kemia Jerusalem, kisha akahamia Marekani. Huko alishughulikia kwanza leza na betri, wala si maradhi. Mwaka 1988 akawa profesa wa uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin.

Tangu mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walikwisha onyesha kwamba sukari yaweza kupimwa kwa umeme kwa msaada wa kimeng'enya. Lakini kiini cha kimeng'enya hicho kimefichika ndani ya protini nene, mfano wa kokwa ndani ya embe, na elektroni zitokazo humo haziufikii waya. Vipimo vya awali vilitegemea oksijeni, nayo mwilini haitulii kiwango kimoja. Heller na wenzake walitengeneza minyororo laini iliyopachikwa chembe za madini ya osmiamu. Elektroni hupokezanwa chembe kwa chembe, kama ndoo za maji mikononi mwa watu wazimao moto, hadi zifike kwenye waya. Ugunduzi wenyewe ndio huo. Yaliyofuata ni biashara.

Mwaka 1996 mwanawe, Ephraim, alianzisha kampuni ya TheraSense, na mwaka 2000 kikauzwa kipimo cha FreeStyle kilichotaka damu mikrolita 0.3 tu. Tone moja la maji lingetosha vipimo zaidi ya 100 vya kiasi hicho! Damu hiyo yaweza kutolewa mkononi, si lazima kidoleni penye maumivu. Abbott iliinunua kampuni hiyo mwaka 2004, na mwaka 2014 ikaleta Ulaya FreeStyle Libre: kidude kibandikwacho nyuma ya mkono, chenye uzi mwembamba chini ya ngozi, kikakaa siku 14. Uzi huo hupima maji yaliyo baina ya seli, si damu yenyewe. Hivyo sukari ibadilikapo kwa kasi, kipimo huchelewa dakika kadhaa. Jambo hili wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo.

Kwa mgonjwa afungaye Ramadhani, faida yake ni kubwa. Madaktari humtaka afungue mara sukari ishukapo chini ya miligramu 70 kwa desilita (kwa hesabu ya Uingereza, milimoli 3.9 kwa lita) au izidipo 300 (16.6). Mama zetu huvumilia kizunguzungu hadi magharibi wakidhani ni njaa tu. Kubishana na tarakimu ni vigumu zaidi. Mwenye nia ya kufunga na amwone daktari wake tangu mwezi wa Rajabu, dawa zipangwe upya mapema.