Vanadi ni metali, vanadinaiti ni madini

Juzi nilihariri mswada wa sayansi uliotumia neno 'madini' kwa vitu viwili, vanadi na vanadinaiti, eti ni mamoja. Hapo ndipo mwanafunzi hupotea.

Vanadi ni elementi, tena metali. Vanadinaiti ni msombo wa risasi, vanadi, oksijeni na klorini. Fuwele zake huwa nyekundu au za kahawia, zenye pande sita. Ni laini, takriban 3 kwenye kipimo cha Mohs, lakini uzito wake unakaribia mara saba ya maji ya ujazo ule ule.

Huainishwa kuwa vanadati kwa sababu kila atomu ya vanadi imezungukwa na nne za oksijeni. Tsavoraiti yetu ya Taita-Taveta je? Ukijani wake hutokana na vanadi, ila yenyewe ni silikati. Chumvi kidogo haiufanyi mchuzi kuitwa chumvi.

Nashikilia hili kwa nini? Risasi ni sumu. Aambiwaye kwamba vanadinaiti ni vanadi tu hataiwazia risasi iliyomo. Ataishika, kisha ale bila kunawa. Istilahi, jamani, si mapambo.